Brashi ya Upepo na Uso wa Bibi Harusi

Bi Mbodze, shikamoo. Naitwa Yusra, msomaji wako gazetini, mpambaji wa maharusi hapa Msambweni, na unisamehe mapema kwa urefu wa barua hii, maana jambo lenyewe limenikaa kooni na kila ninayemweleza ananicheka, ananiambia watu wana shida zao wewe unahangaika na mashine.

Nataka kununua brashi ya upepo, ile kalamu ya chuma inayopuliza fondesheni usoni, mkono haugusi, sponji haigusi, na bibi harusi akitoka hapo hujui poda imeanzia wapi na ngozi imeishia wapi. Niliiona mara ya kwanza kwenye video ya harusi ya Unguja na tangu siku hiyo sina utulivu, naangalia video za kulinganisha brashi hizi mpaka bando linaisha na nanunua jingine, nakuna nazi simu nimeiegemeza kwenye mtungi, nikitoka kuswali naifungua, mume wangu ananiuliza, "Bado hujachagua tu?" namwambia bado, kwa sababu kila nikijua jambo moja linazaa swali jingine.

Mpaka sasa zimebaki tatu, nami nimezipa majina ya nchi zinakotoka ili nisichanganyikiwe. Mchina ni wa kuchaji, mdogo kama tochi, mota yake iko mkiani mwa kalamu yenyewe, hana waya wala mpira, na kwa jinsi stima inavyotukimbia huku kwetu siku za harusi, hilo si jambo dogo. Mjapani ana kalamu mbali na pampu mbali, vimeungwa kwa mpira mrefu, na kitufe chake kina hatua mbili, ukikibonyeza unatoka upepo mtupu, ukikivuta nyuma ndipo rangi inafuata, kwa hiyo unaweza kuchora hata nyusi unywele mmoja mmoja, lakini wanasema mkono unataka mazoezi. Mmarekani ametengenezwa kwa ajili ya uso tu, upepo wake mpole, kitufe chake hatua moja, ila anakula fondesheni yake mwenyewe, ukimtilia nyingine anakwama. Nimejua hata kwa nini kijikombe cha rangi kikae juu ya kalamu na si chini yake, kwa sababu kikiwa juu rangi inashuka yenyewe na hupotezi hata tone. Wallahi ningeweza kusomesha.

Mwezi uliopita rafiki yangu Ngina, mwenye saluni Ukunda, aliniazima Mchina wake nimjaribu. Hapo nikafanya upuzi wa kwanza. Nikasema hebu tuone kama itapuliza hina, nikaichuja hina kwa kipande cha leso, nikaichuja tena, nikaitia kikombeni, ikakohoa kidogo ikanyamaza kimya. Ngina alicheka mpaka akakaa chini, "Yusra, hii si chupa ya chai, surely!" tukamaliza alasiri nzima tukiichokonoa kwa pini na spiriti.

Sasa shida yangu ni shangazi yangu, Bi Esha. Yeye ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifunza kazi, na hadi leo tunapamba pamoja, yeye singo, ule msuguo wa liwa na manukato, na uso, mimi hina na nguo. Humkalisha bibi harusi magoti kwa magoti, anamsugua singo, anamfuta, anampaka poda kwa vidole vyake mwenyewe, taratibu, huku wananong'onezana mambo yao, na mimi niko pembeni nakoroga hina natazama saa, maana uso mmoja kwake unakula asubuhi nzima. Mwaka juzi, harusi ya Shimoni, aliacha kazi katikati akaenda kuzungumza na mama wa bibi harusi, mlango wakaufunga, na walipotoka harusi ikawa imeahirishwa. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na hina yangu imekwisha korogwa yote. Nilikasirika siku ile, na ndipo nilipoanza kumwambia, shangazi, mashine ingemaliza uso kabla chai haijachemka.

Jumamosi iliyopita nikaamua nimwonyeshe kwa macho yake. Kuna binti wa kijiji cha Jego anaitwa Ummi, harusi yake ni mwezi ujao, alikuja na mamake kufanyiwa majaribio. Mama mtu akabaki sebuleni, Bi Esha akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mimi nikawasha yule Mchina wa Ngina. Mngurumo wake si mkubwa sana, ni kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Nikamwambia Ummi funga macho, funga mdomo, usivute pumzi kwa nguvu. Nimefika shavuni akainua kidole kama anayetaka kusema neno, nikamwambia ngoja kwanza, rangi itakuingia mdomoni. Baada ya kitambo akakiinua tena, nikamwambia namaliza sasa hivi. Nilipozima mamake alikuwa keshaingia anapiga vigelegele, Ummi akajitazama kwenye kioo akasema, "Nzuri, dada Yusra," na machozi yanamchuruzika, nikajua kumbe upepo wa Mchina ni mkali mno kwa macho, kasoro ambayo Mmarekani anasifiwa kuwa hana, nikainakili simuni papo hapo.

Bi Esha hakupiga kigelegele. Aliniuliza swali moja tu, "Na mngurumo huo, utasikiaje?" Nikacheka, nikamwambia shangazi jamani, hapa tunapaka uso, hatusikilizi redio. Akajitanda leso yake akaondoka, na kesho yake akaniambia kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionitisha, kwamba chumba cha bibi harusi ikiingia mashine hiyo yeye hatoingia, nichague. Nimemwonyesha video, akaigeuza simu kifudifudi.

Bi Mbodze, nifanyeje? Nikimpoteza shangazi nimepoteza mama, sina mwingine, na nikikosa mashine maharusi watanihama wote waende Ukunda na Diani. Nisaidie kumtuliza, na kama unamjua mtu mwenye ujuzi, niambie kati ya hizo tatu ninunue ipi.

Ni mimi mwanao,
Yusra, Msambweni

BI MBODZE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadilisha, vijiji pia, na jibu hili nilikupelekea mwenyewe kabla halijafika gazetini, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo halingojei gazeti. Utaliona.

Lakini kwanza nikiri kwamba umenitia wazimu wako. Mimi mwanamke mtu mzima, wanja wangu wa kijiti, nimeisoma barua yako nikajikuta ndani ya duka la vipodozi namwambia muuzaji aniwashie brashi za upepo moja moja, naye ananitazama kana kwamba nimepotea njia. Nikabonyeza, nikavuta nyuma, nikajipuliza kiganja. Lo! Raha yake naielewa. Kisha kila moja nikaisogeza sikioni, maana wewe na elimu yako yote ya vikombe na vitufe, kuna kitu kimoja hukukilinganisha hata kidogo, nacho ndicho kitu pekee ulichoulizwa na Bi Esha.

Sasa shika hili. Mmarekani mwache. Mashine inayokula chakula chake peke yake itakuumbua siku fondesheni imekwisha, bibi harusi yuko kitini na mzigo wako bado uko Nairobi. Mchina ni mwepesi, na stima ikipotea atakufaa, lakini mota yake inanguruma pale pale kwenye shavu la mtu. Mjapani, au ndugu yake yeyote mwenye pampu iliyo mbali na mpira mrefu, ndiye wa kutazamwa, kwa sababu ile pampu utaiweka ukumbini juu ya blanketi lililokunjwa, mlango ukaurudisha, na chumbani mkabaki na mvumo mdogo tu. Zipo pampu zenye betri yake ndani, uliza hizo. Na kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji aifungue kalamu mbele yako, atoe ile sindano ya ndani inayopitisha rangi na kuirudisha. Akishindwa yeye, wewe utaweza?

Na hina, astaghfirullah! Hina ni majani, Yusra, hata uyachuje kwa leso za Msambweni nzima. Tena nakujua, umeshaanza kufikiria piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua. Lifute wazo hilo kabisa. Piko ya dawa ya nywele inababua ngozi ikipakwa kwa kijiti, ukiigeuza mvuke mtaivuta kifuani wewe na bibi harusi, na hapo hatutazungumza tena habari za urembo.

Haya, mashine tumeimaliza. Tuje kwa shangazi yako, na hapa nakukasirikia kidogo, vumilia.

Umekaa na Bi Esha miaka yote hiyo na hujui kazi yake ni ipi. Unadhani anapaka poda. Mwanangu, bibi harusi wa kwetu anapangiwa siku na watu wengine, anachaguliwa nguo, anasifiwa, anapigiwa vigelegele, na nyumba imejaa watu tangu asubuhi hata pa kupumua hana. Mahali pekee anapokaa na mtu mzima mmoja, mlango umefungwa, mikono imetulia usoni mwake na hakuna anayemharakisha, ni pale kwenye singo. Pale ndipo anapoulizwa taratibu, mwanangu, umeridhika? Na pale ndipo anapojibu. Ile harusi ya Shimoni wewe ulihesabu hina iliyoharibika. Hukujiuliza yule binti alimwambia nini Bi Esha, na kama angekuwa na nyuki wako ndani ya chupa sikioni, angemwambia nani.

Naye Bi Esha asijione amepona, nampa lake. Bi Esha, unamfunza mtoto kukoroga hina, kuchora maua, kukunja buibui, halafu lile la maana kuliko yote unalifungia moyoni ukitaraji alinuse mwenyewe? Kuiondokea kazi kwa leso begani hakufundishi kitu. Mashine haina dhambi. Ulipaswa kumweleza.

Kwa hiyo mtafanya hivi. Bi Esha atangulie, singo yake, mafuta yake, maneno yake, asubuhi nzima kama ataka, na wewe usitazame saa. Akishainuka yeye mwenyewe na kusema tayari, ndipo pampu iwashwe, nawe upulize huo uso mpaka watu wa Diani wakufuate wewe. Hapo hujampoteza mtu wala hujakosa kitu. Na siku moja magoti yatamuuma, atakwambia kaa wewe leo, basi uwe umejua unakaa pale kufanya nini.

Lakini hayo ni ya baadaye. La leo ni hili, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie upesi. Barua yako ni ndefu, umenieleza mota na mpira na hatua za kitufe, na katikati yake kuna binti aliyeinua kidole, akanyamazishwa, akakiinua tena, akanyamazishwa, akafumbua macho yamejaa machozi, nawe ukaandika simuni kwamba upepo ni mkali.

Yusra, huenda ni upepo kweli. Huenda alitaka kusema pua inamuwasha. Mimi sijui, wala wewe hujui, na harusi ni mwezi ujao.

Funga simu. Nenda kwa Bi Esha, mwamkie, mwambie shangazi nimefahamu ulichoniuliza. Mchukue mwende Jego pamoja leo hii, msipeleke mashine wala sampuli za rangi, pelekeni singo tu, na mama mtu mwombeni awapishe chumba. Bi Esha amfute uso. Nawe kaa karibu, hina uiache nyumbani, umuulize Ummi kile kidole alikiinua kwa sababu gani, kisha unyamaze mpaka amalize.