Koti la Baba na Meza ya Saa Mbili na Nusu

Chumba Na. 3114,
Sitaha ya Tatu, upande wa wafanyakazi,
Melini.

Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakujulia hali kwanza, maana nikianza kumwaga yaliyonijaa nitasahau adabu. Goti lako linaendeleaje? Unapanda ngazi bila kushika ukuta, au bado unajifanya umesimama kutazama picha? Mumeo Mwalimu hajambo, na bado anasahihisha magazeti kwa kalamu nyekundu? Na pacha wamenyamaza hata siku moja tangu mlipohamia huko mbali? Mimi ni mzima. Nalala vizuri, na nimenenepa kidogo mashavuni. Usimwambie Mama, atatangaza mtaa mzima.

Shangazi, kaka yako alikuwa hapa. Siku kumi nzima alikuwa abiria katika meli hii, na jana asubuhi ameshuka. Kampuni humruhusu mfanyakazi aliyemaliza miaka miwili kumleta ndugu mmoja, msimu usio na watu wengi. Nilimwalika Mama kwanza. Alikataa katakata, alisema ardhi haijamkosea kitu hata aiache. Basi akaja Baba, na sanduku moja alilolishika mwenyewe tangu langoni hadi chumbani, hataki mchukuzi aliguse.

Nikueleze kwanza kazi yangu, kwa sababu kwenye simu huwa nasema tu "niko ukumbini." Nasimama mlangoni mwa ukumbi mkubwa wa chakula. Kila asubuhi abiria hupenyezewa karatasi chini ya mlango: leo jioni ni mavazi ya kawaida, au nadhifu, au rasmi. Kawaida ni chochote isipokuwa nguo za kuogelea. Nadhifu ni shati lenye kola na suruali ndefu. Rasmi ni koti kwa wanaume, gauni au suti kwa wanawake, na hutokea jioni moja tu katika safari. Mimi ndiye ninayetazama, nikitabasamu, kisha nasema "karibuni" au "samahani." Mwezi uliopita bwana mmoja alinijia na koti, tai, na kaptula. Akaniambia karatasi imetaja koti, haikutaja suruali. Nilimrudisha. Wenzangu waliniita Hakimu kwa wiki nzima.

Nakiri kwamba jina hilo lilinipendeza. Wewe unanijua, napenda kitu kiwe na mstari wake.

Ukumbi wenyewe una pande mbili. Upande wa kulia ni wa meza maalumu: saa moja na nusu kamili, kiti chako kilekile, majirani walewale, mhudumu yuleyule anayejua kwamba hutaki vitunguu. Upande wa kushoto ni wa wanaokula watakapo. Unaingia saa yoyote tangu kumi na mbili hadi saa tatu, unakaa popote palipo wazi, na kesho unakaa kwingine. Upande huo nilikuwa naudharau. Niliona watu wanaingia kama wanaopita stesheni.

Basi Baba nikamwekea meza ya upande wa kulia, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni miaka thelathini. Mzee yule alikuwa akila saa yake iko mezani kando ya uma. Usiku wa kwanza nilimsikia akimwambia Baba, "Mchuzi umechelewa dakika nne." Baba akamjibu, "Mimi wateja wangu nawachelewesha wiki mbili, na bado wananisalimia." Nikajua wamepatana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mfanyakazi aliyeleta ndugu hupewa jioni moja, ile ya mavazi rasmi, avue sare na akae mezani kama mgeni. Jioni moja tu. Nimeingoja kwa miaka miwili, Shangazi, na sikumwambia mtu kwa nini.

Wewe ulishona naye kabla hujaolewa, unajua anavyokula. Sahani juu ya meza ya kukatia, karibu na pasi, yeye amesimama. Tangu nikiwa darasa la kwanza hadi namaliza chuo, sina kumbukumbu hata moja ya Baba akiwa ameketi mbele yangu na chakula katikati yetu. Sikukuu wateja walikuwa wengi zaidi. Ada zangu zote zilitoka kwenye cherehani ile, kwa hiyo sikuwa na haki ya kulalamika, na kweli sikulalamika. Lakini kitu kikikosekana kimyakimya hakipungui ukubwa. Nilitaka mlo mmoja.

Siku ya nne ikafika. Saa kumi jioni nikapokea ujumbe mapokezini: mzee wa chumba 714 anasema tumbo linamsumbua, hatakuja ukumbini, Hakimu asijisumbue. Nilipanda mbio. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa shati jeupe na tai iliyofungwa vizuri kabisa, uso mzima wa afya. Kwenye mlango wa bafu limening'inia koti la kijivu, jipya.

Ndilo lililokuwa ndani ya sanduku. Alikuwa amelishona kwa miezi miwili, kwa siri, anishangaze. Mtu aliyeshonea suti mji mzima hakuwa na koti lake mwenyewe hata siku moja, na sasa amelipata.

"Livae nilione," nikamwambia.

"Wewe nenda kazini."

"Baba."

Akalivaa. Shangazi, ungelia au ungecheka, na mimi nilishindwa kuchagua. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole vitatu. Bega la upande huohuo lilipanda karibu na sikio, na mgongoni kitambaa kilivutana kana kwamba kuna mtu anamshika kwa nyuma.

Wewe umekwishaelewa, mimi ilibidi nielezwe. Alijipima mwenyewe, mbele ya kioo, duka limefungwa, ili asijue hata jirani. Mtu akijipima huinua mkono kushika futi, na akiinua mkono bega nalo hupanda. Akakata bega lililopanda. Kosa ambalo angemfokea mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na hakulijaribu kikamilifu hadi siku ile, kwa sababu alikuwa na hakika.

"Nimekata watu maelfu," akasema, "nikajikata mwenyewe."

Nikamwambia tuna makoti ya kuazima mlangoni, ishirini, ya kila kimo. Alinitazama kana kwamba nimemtolea kijiko kilicholambwa. Nikashuka kwa msimamizi wangu. Naye, kwa wema kabisa, akasema, "Huyo ni baba yako. Mpitishe bila koti, mimi nitatazama kwingine." Nikarudi juu na habari hiyo, nimefurahi. Baba akaniuliza kitu kimoja tu: "Na yule wa kaptula uliyenisimulia, siku mkikutana tena, utamtazama vipi?"

Nikakaa chini. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Niliona mlo wangu unaondoka, na hapakuwa na wa kulaumiwa. Kila mtu alikuwa sahihi, na mimi zaidi ya wote.

Hapo ndipo nikamkumbuka Mama Sare. Ni fundi wa meli, anakaa karibu na dobi, anapunguza na kuongeza sare zetu tunaponenepa na kukonda. Abiria haruhusiwi kushuka kwake, kwa hiyo nilimwomba apande yeye. Alinuna, akasema ana zipu sita za wapishi, kisha akafunga cherehani yake ndogo kwenye kitambaa cha meza na kupanda nayo kama mtu anayemtorosha mtoto.

Alipoona koti akalizunguka mara mbili. "Mzee, nani alikushonea hili?"

"Fundi mmoja kule kwetu."

"Usirudi kwake."

"Nitarudi wapi," Baba akasema, "namwona kila nikinyoa ndevu."

Mama Sare akaelewa, akaketi kitandani akacheka hadi akavua miwani. Na Baba, ambaye kwa saa nzima alikuwa kama jiwe, akacheka pia. Kuanzia hapo walizungumza lugha yenu ya mafundi, nami nikawa mtu wa kushika taa.

Kumbe ndani ya mishono alikuwa ameacha kitambaa cha kutosha, mazoea ya miaka yote ya kuwashonea watoto wanaokua. Mkono ungeweza kushushwa, bega lingeweza kufumuliwa na kuwekwa upya. Lakini walihitaji vipimo vya kweli, na Mama Sare alikuwa tayari amezama katika kufumua. Baba akanipa futi. Alinyoosha tu mkono nayo.

Sijawahi kumpima mtu maishani, Shangazi. Nilimwambia, "Simama wima. Usinisaidie." Akaanza kunisaidia. Nikarudia. Akatulia, akatazama ukutani kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilipozungusha futi kifuani mwake nilishtuka jinsi mikono yangu ilivyokutana upesi. Nilikuwa nimembeba kichwani mwangu akiwa mkubwa kuliko alivyo. Nikasoma namba kwa sauti, Mama Sare akaiandika kwa chaki kwenye sanduku. Nikapima bega. Nikapima mkono, kuanzia kwenye mfupa wa bega hadi kifundo, na pale kwenye kidole gumba nikaona sugu ya mkasi ambayo nimeiona miaka yote, lakini sikuwahi kuigusa.

"Soma namba," Baba akasema, taratibu. Nikaisoma.

Saa moja na nusu ilipita bado bega liko wazi. Meza ya upande wa kulia haingoji; mlango wa upande ule hufungwa baada ya robo saa na hafunguliwi mtu, najua kwa kuwa mimi ndiye huufunga. Kwa kweli nilikuwa nimekata tamaa. Mama Sare, sindano mdomoni, akaniuliza, "Si kuna ule upande wenu wa ovyo ovyo?"

Maneno hayo ni yangu. Nimeyatumia mbele yake mara nyingi.

Saa mbili na nusu Baba na mimi tulisimama mlangoni mwa ukumbi. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa mpishi zamani, tunayemwita Bwana Pole kwa mwendo wake, alimtazama Baba kuanzia viatu hadi kola, bila haraka, kama nilivyomfundisha. Halafu akasema "karibuni." Shangazi, nilifurahi kuliko siku niliyopokea shahada. Bega lilikaa. Mkono wa koti uliishia pale unapotakiwa, mkono wa shati ukionekana kwa upana wa kidole kimoja. Yule aliyekuwa ndani ya koti alitembea kama mtu anayejua vipimo vyake.

Tulipata meza ya wawili dirishani, ambayo dakika ishirini kabla ilikuwa ya watu wengine, ikasafishwa, ikawa yetu. Mzee wa treni alikuwa anatoka. Akasimama akainua saa yake. "Mmechelewa saa nzima."

"Kulikuwa na hitilafu begani," Baba akamjibu, na mzee akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni sababu inayoeleweka katika kazi ya reli.

Basi tukala. Mwanzoni Baba alikula kwa kasi ile yake ya dukani, jicho moja mlangoni. Nikamwambia, "Baba, hakuna mteja." Akaweka uma chini. Hakujua mikono aiweke wapi, akaishia kuikunja mezani kama mwanafunzi. Kisha akaniuliza maswali ambayo sikujua alikuwa nayo: kama miguu inauma kwa kusimama, kama nina rafiki, kama yale mashairi niliyokuwa naandika nyuma ya madaftari bado nayaandika. Sikujua kwamba alisoma nyuma ya madaftari. Katikati ya jibu langu akasema kwa sauti ya chini kwamba koti la bwana aliye nyuma yangu limepigwa pasi upande mmoja tu, kisha akaomba radhi na kunitaka niendelee. Niliendelea. Tuliondoka meza za jirani zikiwa zimetandikwa kwa ajili ya kesho.

Sikuwa na ruhusa nyingine. Kesho yake nilivaa sare nikarudi mlangoni, jioni ya mavazi ya kawaida, watu wamekuja na fulana. Saa kumi na mbili na dakika mbili akaja Baba na koti lake. Nikamwambia leo halitakiwi. Akasema anajua, amesoma karatasi. Akaniambia pia amemuaga mzee wa treni na amehamia upande wa kushoto, ule wa kukaa popote. Kisha akachagua meza ambayo haitakiwi na mtu, ya kwanza kabisa ukiingia, inayopigwa na upepo wa mlango na kelele za sahani. Iko hatua mbili kutoka ninaposimama. Alikula polepole, na watu walipopungua alikuwa ananiambia jambo moja, nami namjibu bila kugeuza shingo.

Alifanya hivyo jioni zote tano zilizobaki. Kwa mujibu wa kampuni, Shangazi, nimekula na Baba mara moja. Mimi nahesabu sita.

Nisalimie Mwalimu, na umwambie barua hii asiipigie mistari. Wabusu pacha, kila mmoja mara mbili wasije wakapigana. Msalimie binamu yangu muuguzi, na Bibi wa ghorofani anayekupa mchuzi ukiumwa. Mungu alitunze goti lako na nyumba yako, awape riziki ya kuketi na kuila bila haraka.

Nakupenda kama zamani na kuzidi,

Mwanao wa mlangoni,
Hakimu.