Nilivyoacha Kusalimia Wagonjwa

Jumapili, alasiri. Mvua haijakatika tangu ibada ya asubuhi, na ziwa halionekani kabisa kutoka hapa kilimani. Nimevua viatu, miguu imevimba. Sijashika daftari hili tangu homa ya mafua ilipofika kwetu.

Redio ya Sista, msimamizi wetu wa wodi, inasema homa hii inazunguka dunia nzima. Habari za dunia sizijui. Ninachojua ni kwamba wodi yetu ina vitanda kumi na viwili, na wagonjwa wamelala kwenye mikeka mpaka barazani. Manesi wenzangu wawili nao wameanguka. Gulio limefungwa, lakini machela bado zinapanda kilima kila siku, kutoka Ijumbi kwetu, kutoka Kimwani, hata kutoka mjini Bukoba.

Nikiri jambo. Kwenye mfuko wa aproni yangu kuna barua ya kuacha kazi. Niliiandika siku nne zilizopita. Sikuwa na huzuni, sikuwa na hasira, sikuwa na chochote. Mama mmoja alikata roho nimemshika mkono, na nilichowaza ni shuka, kwamba likifuliwa mapema litakauka kabla ya jioni. Hilo lilinitisha kuliko homa yenyewe.

Na kuna baya zaidi.

Mimi ndiye niliyeacha kusalimia.

Salamu yetu Wahaya haina haraka. Unapiga magoti, unamuuliza mtu ameshindaje, unauliza wa nyumbani, unauliza migomba na kahawa, naye anataka kujua wewe ni wa ukoo gani na baba yako nani. Ukiwa na wagonjwa arobaini, utamaliza kusalimia jua linazama na hakuna aliyemeza kidonge. Basi nikaipunguza, kisha nikaiacha kabisa. Nilijiona mjanja. Nikawafundisha na wenzangu: ingia, pima homa, toa dawa, toka. Sista alinisifu kwa wepesi wangu, nami nikavimba kichwa.

Alhamisi akaletwa mzee wa Kimwani, Ta Rugemalira, nikamweka kitanda cha saba. Homa kali, midomo imepasuka. Akakataa maji, akakataa uji. Kila nikimpelekea kikombe anageukia ukutani. Jana mchana ulimi wake ulikuwa umekauka kabisa. Nikamwambia Sista kwamba homa imempanda kichwani na sidhani kama ataiona kesho. Niliyasema hayo nimesimama miguuni pake, wala sikupunguza sauti.

Ma Kokugonza alikuwa anasugua sakafu. Huyu ni mfagizi wetu, mjane, hajawahi kukaa darasani, na goti lake la kulia humsumbua kila msimu wa mvua. Akatumbukiza kitambaa ndooni, akajifuta mikono, akapiga magoti kando ya kitanda cha saba.

"Wasibota, waitu," akasema, ndiyo umeshindaje kwa heshima, taratibu kabisa.

Mzee bado anatazama ukuta. Akarudia.

Mzee akageuka. Akaitikia kwa sauti ndogo. Wakaendelea hivyo, ameshindaje, Kimwani mvua imeshuka, mibuni imechanua, na yule binamu aliyeoa Ijumbi hajambo? Mimi nimesimama na kikombe changu. Ma Kokugonza akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa. Mzee akanywa chote, akaomba kingine.

Kisha akanitazama mimi. "Tangu nimeletwa hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Nikajua nimeshawekwa kwa wafu. Sasa mfu anywe maji ya nini?"

Nikamjazia kikombe cha pili. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma, kwenye pipa la kuchemshia mashuka. Ma Kokugonza akanifuata.

"Wasibota, mwana wange?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Huniuliza hivyo kila siku ninapomaliza zamu, mlangoni palepale, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimpita bila kufungua mdomo. Mwanamke huyu amekuwa akinisalimia siku zote hizo.

Safari hii nikaitikia. Nikamwambia kwamba nimeshinda vibaya, kwamba sijui lini nilishinda vizuri, kwamba nataka kuacha kazi nirudi nyumbani. Nililia mpaka kamasi. Akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua fundo la leso yake, akanipa punje mbili za kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni aliyeingia nyumbani.

"Ulitutisha," akasema. "Maiti inatembea na kipimajoto!"

Nikacheka huku nalia. Nampenda mama huyu. Anasugua chini ya vitanda vyote, anajua kila mgonjwa ametoka wapi, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa lolote. Mimi mwenye cheti ndiye ninayemhitaji yeye.

Leo asubuhi nimezunguka wodi kwa magoti. Si salamu nzima, nguvu hiyo sina, lakini jina, nyumbani, na umelalaje. Mambo ya ukoo tumemwachia Ma Kokugonza na ndoo yake. Sista alitazama saa yake mara mbili. Nilimweleza sababu. Hakufurahi, ila alikiangalia kikombe cha Ta Rugemalira, ambacho kilikuwa kitupu, akaniacha niendelee. Mzee bado anakohoa vibaya, na hatujui itakuwaje. Lakini ameulizia ndizi.

Nikamwomba Sista siku moja ya kulala. Moja tu. Nilikuwa naogopa kuomba hiyo kuliko nilivyoogopa kuandika barua. Amekubali.

Barua bado ninayo. Nyuma yake nimeandika wagonjwa wote wa wodi, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake, na namba za vitanda sikuziandika.

Kesho nitalala. Keshokutwa nitapiga magoti.