Mtani Wangu Alisogeza Mpira, na Mimi Nikacheka

Bi Najiat mpendwa, shikamoo. Najua meza yako imejaa barua za ndoa na za mawifi, na hii yangu ni ya gofu, lakini naomba usiiweke kando, kwa sababu siku hizi sili nikashiba, na nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje ya nyumba moyo unanidunda mpaka mke wangu, Levina, ananiuliza nina nini, nami namwambia ni malaria. Majina yote nimeyabadilisha, hata lake.

Mimi ni mchezaji wa gofu wa kulipwa, naishi Kitete hapa Tabora, na mchezo huu ndio unaolisha nyumba yangu, mara chache kwa mashindano na mara nyingi kwa kufundisha watu wenye nafasi zao. Wengi hawaujui mchezo wetu, kwa hiyo nieleze kidogo: unapiga kimpira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni na mwenye mapigo machache ndiye mshindi, lakini hatuna refa wa kutufuata na filimbi, ukikosea unajisema mwenyewe, na mwenzako akikosea nawe umeona unamsema palepale, na hicho ndicho kinachoufanya uitwe mchezo wa waungwana. Uwanja wetu hauna majani laini kuzunguka shimo kama viwanja vya Dar es Salaam, sisi tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu, na mpira ukishafika hapo unauokota, unachomeka kijiti mahali ulipokuwa, mtu anavuta ubao kusawazisha mchanga ili nyayo zifutike, halafu unaurudisha mpira wako palepale ulipoutoa na kupiga.

Nina mtani wangu, nimwite Mfaume, Mzaramo wa Kisarawe, mchezaji wa kulipwa kama mimi, alikuja Tabora miaka mingi iliyopita akaoa hapa na kutulia. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe za ndovu kwenda pwani, wewe unajua. Ananiita mbeba mizigo, akiingia kwangu anafunua sufuria kabla ya kusalimia, anachukua shati langu kwenye kamba anavaa anaondoka nalo, nami siruhusiwi kukasirika. Baba yangu alipofariki kule Bukene, Mfaume ndiye aliyechimba kaburi, ndiye aliyejilaza ndani ya lile shimo akasema hatoki mpaka apewe kuku, na ndiye aliyemchekesha mama mpaka akakubali kula. Hilo sitalisahau, na ndilo linalonimaliza.

Mwezi uliopita yaliletwa hapa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, mshindi achaguliwe kwenda kucheza Zambia, nafasi ambayo sisi wa mikoani hatuipati kirahisi. Shimo la mwisho tulifika watatu, mimi niliyekuwa nimeshakata tamaa, Mfaume, na Wilbroad, mtu mtulivu sana aliyekuwa frateri kabla ya kuingia kwenye gofu. Mpira wa Mfaume ulikuwa mbali na shimo kuliko wa Wilbroad, na ndiyo maana yeye alitakiwa kutangulia, kwani kwetu aliye mbali ndiye huanza. Akauokota, akachomeka kijiti, akaniambia mbele ya watu, mbeba mizigo, kazi yako hiyo, vuta ubao. Mtani akikutuma hukatai. Nikaanzia nyuma ya kijiti, yeye akakichomoa ili nipite, nikavuta mpaka shimoni nikiwa nimempa mgongo. Nilipogeuka mpira ulikuwa umeshawekwa chini, na safari hii ulikuwa karibu na shimo kuliko wa Wilbroad. Mchanga wote laini, alama hakuna, nilikuwa nimezifuta mwenyewe.

Niliona, Bi Najiat. Mdomo ulifunguka niseme lakini kilichotoka ni utani, nikasema, "Mtani, naona mpira wako una haraka ya kurudi kwao pwani." Watazamaji wakaangua kicheko, Mfaume akacheka kuliko wote, na mimi nikacheka, akapiga, ukaingia. Akamshinda Wilbroad kwa pigo moja tu. Mimi ndiye niliyekuwa namhesabia mapigo yake, nikamtilia sahihi kwenye kadi ya mapigo.

Wilbroad hakucheka. Jioni ileile alisema wazi mbele ya viongozi kwamba mpira ulisogezwa, Mfaume akaja juu, akamshtaki kwa kumchafulia jina, na sasa kamati ya nidhamu inakaa Jumamosi, na Wilbroad asipopata shahidi atafungiwa kucheza, naye hana kazi nyingine wala shamba. Shahidi ni mimi peke yangu. Watazamaji walikuwa mbali, walichoona wao ni watu wanacheka.

Siku chache baada ya mashtaka hayo mama alinipigia simu kutoka Bukene anacheka, akasema, baba, mtani wako alikuja, kanibebea jogoo wangu. Nikamuuliza alifuata nini, akasema, "Alikuja kunisalimia tu, akanitania kwamba wewe ukithubutu kumsema basi siku nikifa atajilaza kaburini na safari hii hatoki, nikose pa kuzikwa, halafu akaenda kukaa kwenye kaburi la baba yako peke yake mpaka jua likapungua." Mama anacheka, na mimi sicheki, maana tangu tulipoanua matanga ya baba Mfaume hakuwahi kukanyaga Bukene.

Kesho yake akanikuta uwanjani nafanya mazoezi. Hakuniita mbeba mizigo. Alisimama karibu akasema, "Mama yako mzima. Nimemkuta peke yake." Akaondoka. Kwa miaka yote tuliyojuana hayo ndiyo maneno ya kwanza kuniambia bila utani.

Nilimuuliza mjomba wangu, mzee Ngollo, kwa kuzungukazunguka bila kumwambia kisa, akajibu kwamba mtani hashtakiwi, na anayemshtaki mtani anajitafutia mkosi. Siku niliyojipa moyo kwamba nitakwenda kusema, mwanangu mdogo akapandwa na homa tukamkimbiza hospitali, wakasema malaria, sasa amepona, lakini mimi hofu imeniingia kwenye mifupa. Nikisema nitakuwa nimemgeuka mtu aliyemzika baba yangu, na watu watasema ulitania mwenyewe leo unamsingizia, na mimi naweza kufungiwa kwa ile sahihi, na sijui mama atafanywa nini. Nisiposema, Wilbroad amekwisha. Nafikiria nipande basi niende kwa shemeji yangu Mwanza mpaka Jumamosi ipite. Nifanye nini, Bi Najiat? Naogopa sana.

Mimi Mwoga,
Kitete, Tabora

BI NAJIAT ANAJIBU

Marahaba, Mwoga wangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu Jumamosi haina subira. Pole kwa msiba wa mzee, na pole ya kuuguliwa na mtoto. Pole zimeisha, sasa kaa tuzungumze.

Unasema umebadilisha majina. Ubao umeuacha, jogoo umemwacha, frateri umemwacha, hata kicheko umekiacha. Gazeti hili likifika Tabora, kabla ya chai ya saa nne kila mtu wa uwanjani kwenu atakuwa ameshakujua, na Mfaume atakuwa wa kwanza. Sidhani kwamba hukuliona hilo ulipokuwa unaandika. Ulitaka mimi nikusemee. Haya, nusu nimekusemea, nusu iliyobaki ni ya mdomo wako.

Kuhusu mama yako sikutanii. Mwanamume akienda kwa mjane anayekaa peke yake, kisha akaja kukwambia nimemkuta peke yake, hilo ni tishio, na hofu yako hapo ina haki. Leo hii mpigie mama umweleze kisa chote, maana mpaka sasa anamchekea mtu bila kujua amefuata nini. Tafuta ndugu akakae naye, au yeye aje Kitete kwa wiki hizi. Mwenyekiti wa kijiji cha Bukene apewe habari, nawe nenda polisi ukayatoe maneno yale kama yalivyosemwa, bila kuyapunguza makali. Na Levina mwambie kabla hamjalala. Mke anayeambiwa kila siku kwamba mumewe ana malaria, na panadoli haoni akinywa, ameshaanza kutafuta jina la mwanamke.

Malaria ya mtoto ililetwa na mbu. Funga chandarua vizuri.

Tuje kwenye utani, maana ndipo ulipojifungia. Mimi nimezaliwa hapohapo Tabora mjini, mama yangu Mmanyema, watani ninao wengi kuliko shemeji. Mzee Ngollo amekwambia kweli, mtani hashtakiwi, ila wewe ulimuuliza kwa kuzunguka naye akakujibu kwa kuzunguka. Mtani hashtakiwi kwa sababu anachukua mbele ya macho yako. Sufuria anafunua ukimtazama, shati anavaa ukimwona, jogoo anambeba mchana huku mwenye jogoo anapiga kelele, na majirani wote wanajua nani kachukua nini. Babu zetu waliotembea ile njia ya kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo waliachiana ruhusa hiyo ili mtu aliye mbali na kwao asife njaa kwa kuona haya kuomba. Wewe niambie, ni wapi uliona mtani anangoja kwanza umpe mgongo?

Na alichochukua hakikuwa chako. Kilikuwa cha Wilbroad, ambaye hukuniambia kama ana utani na mtu yeyote katika habari hii. Kwako Mfaume ni mtani, kwa Wilbroad ni mwizi, na wewe umekuwa ukimkinga kwa utani ambao mwenye mali hayumo. Kuvuta ubao si kosa lako, ulitumwa ukaenda. Kosa lako linaanzia pale ulipogeuka, ukaona, ukaamua kuchekesha watu. Umeniandikia mwenyewe kwamba katika gofu unayemwona amekosea unamsema palepale. Ulimsema, ila ulimsema kwa namna ambayo kila mtu angeweza kukataa kwamba umesema, hata wewe mwenyewe. Huo ni ujanja wa woga, na unaujua.

Lile kaburi la baba yako linakulemea, nakuelewa, nami nisingependa uwe mtu anayesahau. Aliyechimba kaburi hulipwa kwa kaburi. Siku Mfaume akifiwa, uwe wa kwanza kufika na jembe, ujilaze shimoni udai kuku wako. Lakini huwezi kumlipa kwa riziki ya Wilbroad, kwa sababu Wilbroad hakuwa na msiba Bukene.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Nenda kwa mzee Ngollo kesho asubuhi umweleze kisa kizima, kwa mstari mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Kisha mwombe yeye na mtu mzima mwingine mnayemwamini mwende pamoja kwa Mfaume, mchana, watu wakiwa barazani. Usiende peke yako, na chai yake usinywe kwanza. Mwambie hivi: "Nililolisema siku ile kwa utani nalisema leo bila utani. Mpira wako ulikuwa mbali kuliko wa Wilbroad." Mpe nafasi ya kwenda kujisema mwenyewe, kwa kuwa mchezo wenu umemwachia mlango huo, na mtu aliyekuzikia baba anastahili kuonyeshwa mlango kabla hujaufunga. Akikataa msibishane, mumuage, muondoke.

Jumamosi, mbele ya kamati, anza na lako. Sema ulitia sahihi huku unajua. Wakikufungia, utakaa nje kipindi hicho, na aibu yake utaimeza, hakuna dawa nyingine. Wakikuuliza kwa nini siku ile ulitania, wajibu kwamba uliogopa. Ni jibu la aibu lakini ni la kweli, na hao wazee wa gofu wanajua kulitofautisha na maneno ya kutunga.

Mwanza sahau. Ukipanda hilo basi, mama yako huko Bukene unamwachia nani? Mtu anayekutisha akishaona kwamba amekutoa mjini kwa sentensi mbili tu, atakutuma tena, na safari ijayo hatakutuma kuvuta ubao. Hofu yako haitaisha Jumamosi ikipita ukiwa kwa shemeji. Itakuwa imejua unapolala.

Sikuambii uache kuogopa. Utaogopa usiku wa Ijumaa, utaogopa njiani, na ukifika utatamani ugonjwa wowote ukushike. Wilbroad naye anaogopa, pengine kuliko wewe, maana yeye hana hata mtu wa kumwandikia. Ataingia kwenye chumba kile, na kabla hajawatazama wakubwa waliokaa mezani atatazama kiti cha shahidi. Akikiona kitupu atajua palepale kwamba amekwisha, na atajua ni nani aliyemmaliza, na jina litakalomjia halitakuwa la Mfaume. Wahi kufika ukakae.