Si Asali Yako, Mama

Eldoret, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai magoti yamepunguza kuuma na kwamba unakula. Hilo la kula sikulitia kupamba salamu, nauliza kweli, maana Saumu ameniambia tangu juma lililopita unaonja tonge mbili na kusukuma sahani. Mimi na mkweo Twaha ni wazima wa kutembea. Kazi yake pale ghalani inaendelea, na baridi ya huku iko palepale, siku hizi navaa soksi hadi nikipika.

Saumu mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Ingieni chumbani nyinyi wawili mfunge mlango. Nimeandika kwa sababu simu ya nyumba yetu ni ya mtaa mzima: mama huiweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza kuamkia, shangazi Zena keshanijibu na jirani keshaniombea dua. Na tangu siku ile mama hataki hata kuishika. Barua nimempa Hamisi, rafiki ya Twaha anayeshuka pwani, naye ameahidi kuifikisha Mambrui Ijumaa kabla watu hawajaenda kuswali.

Mama, niliyokwambia kwenye simu yalikuwa nusu. Nusu ya pili nilikuficha, na sasa naona kukuficha ndiko kulikoleta haya yote.

Nilipoanza kliniki, mimba ikiwa changa, walinitoa damu ya vipimo. Majibu yalipotoka sista akaniita peke yangu. Ni mama wa makamo, mwenyeji wa huku, maneno yake machache na makavu, lakini mkono wake mwepesi. Akaniambia nina virusi vya ini, aina ya B. Nikamwambia, "Mimi? Sijapata hata siku moja kugeuka macho kuwa ya manjano." Akasema wengi hukaa navyo miaka na miaka bila kuona dalili. Twaha akapimwa, hana, naye akaanza kuchanjwa. Mimi nikanyamaza. Nilijua nikikwambia utakosa usingizi.

Halafu sista akaongeza lingine. Alisema baadhi ya wenye virusi hivi sukari huwapanda mimba inapokua. Si wote, na hata madaktari hawajajua vizuri inakuwaje, lakini kwa umri wangu wa miaka thelathini na tano na mimba niliyoingoja miaka saba, yeye hataki kubahatisha. Akanipangia siku ya kupimwa sukari, nifike asubuhi sijatia kitu tumboni.

Hapo ndipo nilipokupigia uniombee dua, nikakwambia ni kipimo cha kawaida tu. Na wewe hukukawia. Siku ya tatu kifurushi kikaja kwa basi, chupa imefungwa kanga kuukuu, na sauti yako kwenye simu: "Mwalimu amekuandikia kombe, mwanangu, kaandika kwa zafarani halisi, tukaliosha kwa marashi. Nami nimelitia asali ya Marafa lisikuchome koo. Siku ya hospitali linywe alfajiri, lianze hilo kabla ya kitu chochote."

Nikafanya vile vile ulivyosema. Nikaswali, nikapiga bismillahi, nikanywa bilauri nzima, na kwa raha ya ile asali nikasuuza chupa kwa maji nikanywa tena. Kule kliniki, sista akaniuliza, "Umekula?" Nikamwambia sijala. "Umekunywa chochote?" Nikamjibu, "Hata tone la maji." Wallahi mama sikuwa nasema uwongo. Katika akili yangu sikuwa nimekunywa kitu. Nilikuwa nimepokea dua.

Akanichoma kidole, akatazama kile kimashine, akanitazama mimi. Akauliza tena. Nikaapa. Twaha, aliyekuwa amekaa mlangoni na kofia yake mkononi, ndiye aliyekohoa akasema, "Nuru, na lile kombe?"

"Kombe ni nini?" sista akauliza.

Nikamweleza. Maneno ya Mungu huandikwa sahanini kwa zafarani, yakaoshwa kwa marashi, na maji yake yakanywewa. Alisikiliza kwa adabu. Akauliza, "Na ndani mlitia nini kingine?" Nilipotaja asali aliweka kalamu chini. "Nuru, asali si sukari?" Akafuta kipimo, akaniambia nirudi baada ya juma, na kombe nilinywe nikishapimwa, tena lisiwe na asali. Twaha alicheka njia nzima hadi nyumbani. Nami nikacheka, ndiyo maana nikakupigia mchana ule ule kukusimulia, nikidhani nawe utacheka.

Kumbe sivyo ulivyosikia. Ulisikia kwamba sukari iko juu na asali ni yako. Nikakusikia ukisema, "Yarabi, nimemdhuru mwanangu kwa mkono wangu," kisha sauti ya shangazi, kisha simu ikakatika. Leo siku ya tisa sijasikia neno lako. Saumu ananiambia ile asali iliyobaki umeigawa na umeapa hutanitumia tena hata ubani.

Sasa nitakwambia jambo la aibu. Juma lile wewe ulipokuwa unalia, mimi nilifurahi. Nilipoanza kuogopa nilijiambia, ni asali ya mama tu, hakuna sukari wala nini. Niliishika ile asali kwa mikono miwili. Nilipika mahamri, nikala manne, nikanywa na chai tamu. Nilikuacha ubebe lawama kwa sababu ukiibeba wewe, mimi na mtoto tulikuwa salama.

Jana nilirudi. Safari hii sikunywa kitu, hata mswaki niliuogopa. Walinichoma, wakaninywesha maji yao ya sukari, wakanichoma tena mara mbili, saa baada ya saa. Mara zote tatu sukari ilikuwa juu. Ile ya kwanza, tumbo likiwa tupu kabisa, ilikuwa juu tayari.

Kwa hiyo si asali yako, mama. Sukari ilikuwamo mwilini mwangu kabla basi halijatoka Malindi. Futa machozi ya asali, ule.

Naogopa, sikufichi tena. Sista anasema sukari isiposhuka mtoto anaweza kunenepa kupita kiasi tumboni, kuzaliwa kukawa kwa taabu, na akishatoka sukari yake yeye ikaanguka. Yapo mengine alitaka kuyataja, nikamwomba asiyataje. Amenipunguzia wali ukabaki wa kujaa kiganja, tende nisiziguse, chai bila sukari, mboga nijaze nusu sahani, na nikimaliza kula nitembee. Natembea mama, nazunguka hii nyumba ya kupanga hadi jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu. Nimepewa wiki mbili. Chakula kikishindwa, nitaanza sindano za kushusha sukari. Mtoto anacheza, anacheza sana asubuhi, na akitulia kidogo mimi huweka mkono nikahesabu mpaka asogee.

Saumu, hapa soma polepole wala usiruke.

Vile virusi vya ini, mama, nilimuuliza sista nimevitoa wapi. Akasema ziko njia nyingi, lakini aliye mkubwa kama mimi na hajui alivipatia wapi, mara nyingi alivipata siku aliyozaliwa, kwa mamake. Nimelizunguka neno hili siku nyingi sijui nikuambieje. Ndiyo kwanza nimekutua mzigo wa asali, na sasa nakuletea hili. Lakini hili silileti kama lawama. Huenda unavyo, huenda huna. Kama unavyo, hukujua, na hakuna aliyekupima uliponizaa pale chumbani kwa bibi. Nakuomba wewe na Saumu mvuke mto Sabaki mwende Malindi mkapimwe damu. Saumu anaolewa baada ya Ramadhani, asije akayajua haya akiwa na tumbo, kama mimi. Na wewe uliniambia kila mara kwamba kiu yako haiishi na usiku unaamka mara nne. Waambie wakuangalie na sukari.

Mtoto wangu atadungwa sindano ya kinga siku ile ile atakayozaliwa, ameniahidi sista, na Twaha amekwenda mara mbili kuuliza kama ipo. Nataka achukue kwangu nyama ya mwili na maziwa, lakini virusi hivi asivipate.

Nisalimie baba, mwambie ile dawa ya kifua Hamisi anayo. Shangazi Zena msalimie sana, na umwambie nimeandika habari za baridi. Ami Omari, aliyeniozesha kwa Twaha kwa niaba ya baba, mwambie mkwewe ananitunza. Na mwalimu umpe salamu za heshima, umweleze kombe lake halina kosa, aendelee kuniombea.

Saumu, ukishafika hapa kunja karatasi, mpe mama simu, uizime ile sauti kubwa. Ijumaa watu wakitoka msikitini nitakuwa nimekaa kitandani na simu yangu mkononi, sitapika, sitatembea, nitangoja. Mama, kama huna la kusema, usiseme. Nipigie tu nikusikie ukipumua.

Mwanao,
Nuru