Kwa Papa, Aliyekikataa Kiti cha Mwami

Papa wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Kavimvira, kando ya mpaka. Nimefunga mlango na kuusogezea meza, ingawa jua bado liko juu. Vita vimerudi, Papa. Wabadilishaji pesa wamekunja vimeza vyao, mpaka wa Burundi umefungwa, na barabara yote imekuwa ya askari. Ninaogopa. Na kila nikiogopa ninakukumbuka wewe, kwa sababu kwako ndiko nilikoiona hofu kwa mara ya kwanza, ikiwa imevaa koti na tai.

Ulizaliwa katika ukoo wa mwami, mtawala wa jadi wa uwanda wetu, na tangu ujana wako ulikaa upande wake wa kulia ukiwa mshauri. Mipaka ya mashamba, ng'ombe walioingia kwenye mpunga, maneno na wakubwa wa ng'ambo ya mto Ruzizi, yote yalipita kwako. Pale kwetu Luberizi walikuita Kinywa cha Mwami, maana yeye hakusema mbele ya wageni, ulisema wewe. Nilipokuwa mdogo nilidhani kazi yako ni kukaa tu na kunywa chai na watu waliokasirika. Walikuja wakipiga kelele, wakaondoka wakiulizana habari za watoto.

Kisha vita vile vya kwanza vikashuka uwandani. Mwami alivuka mto na watu wa nyumba yake, akaingia Burundi. Ulimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi, halafu ukarudi. Mama alikuuliza kwa nini hukupanda. Ulimjibu kwamba nyumba ikibaki bila mtu, mgeni huingia na kuiita yake.

Mgeni hakukawia. Komanda wa jeshi lililoingia alituma watu wakuite, nawe ukaniambia nivae sare ya shule tuende pamoja. Mama alilia. Ulimwambia kwamba mtu anayekuja na binti yake anaonekana hakuja kupigana. Tulipita kando ya mifereji ya mpunga, mimi nyuma yako, nikitazama kisigino cha kiatu chako ili nisitazame bunduki zilizotusindikiza.

Komanda alikuwa amekalia ofisi ya mkurugenzi wa shule yangu. Nje askari walikuwa wakipikia kuni za madawati yetu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alikupa kiti, akakuuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Muzee, weye iko damu ya mwami. Kiti iko wazi. Utakaa, na utaita vijana ya uwanda yote. Batakuitika weye, hapana minye."

Nilielewa hata mimi. Alitaka wana wa watu wamfuate vitani, na alijua kwamba bunduki ingewatawanya porini lakini sauti ya kiti ingewatoa majumbani mwao kwa miguu yao wenyewe.

Kisha akanigeukia mimi, akaniangalia tangu soksi mpaka kichwani, akakuuliza kama huyu mtoto ni wako. Ukasema ni wako. Ukainamisha kichwa, ukafunga kifungo cha koti.

Halafu ukaanza kusema, kwa ile sauti yako ya chai. Ulimweleza kwamba kiti hakikaliwi kikavu. Lazima mtama ulowekwe, uote, uanikwe, usagwe, upikwe pombe, na pombe hiyo inywewe mbele ya watu. Mwami aliyekaa bila pombe, akiita, watu watacheka tu. Komanda alimtazama askari mmoja mwenyeji wa kwetu, na yule akaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui kama desturi hiyo ilikuwa ya kweli yote, au nusu yake uliitunga pale pale.

Wakati wa kurudi, walipotuacha peke yetu, uliinama kando ya mfereji ukatapika. Ukanawa uso, ukafuta tai, ukaniomba nisimwambie Mama. Nikakuuliza kama unaogopa.

"Minye naogopa sana, mama," uliniambia, kama ulivyozoea kuniita. "Lakini beye banaona hofu yangu, banazani ni heshima. Acha bazani hivyo."

Basi tukaloweka mtama. Kila asubuhi askari alikuja kufunua majani ya ndizi kuangalia kama umeota. Wakati huohuo Mama na wanawake wenzake walibeba neno lako shambani, kwamba vijana wote wavuke mto kabla pombe haijaiva. Vijana wakaanza kuondoka kidogo kidogo, jembe begani, kama waendao kwenye mpunga, wakashuka mpaka mtoni na hawakurudi. Kaka yangu naye akaenda. Wafugaji, waliogombana nasi miaka yote juu ya ng'ombe, waliwavusha vijana wao na wetu mahali penye maji ya kina kifupi. Kimea cha kwanza Mama alikiacha kioze makusudi, akaanza upya. Askari alinusa, akatukana, akaondoka.

Siku ya pombe, komanda alikuja na gari. Alikuta mtungi, kiti, wazee na mabibi vikongwe. Akakuuliza vijana wako wapi.

"Kiti iko tayari, pombe iko tayari," ulisema. "Bantu ndio hakuna."

Walikupiga kwa vitako vya bunduki mbele yetu, wakakutupa garini. Mama alianza kukulilia kama marehemu. Ulirudi baada ya jeshi lile kuondoka, ukichechemea, sikio moja limekufa, ukauliza kama mpunga umevunwa.

Lililofuata ndilo lililoniuma kuliko kipigo. Mwami aliporudi, watu wa barazani kwake walinong'ona kwamba ulipika pombe kwa sababu ulikitaka kiti. Akakuondoa. Tulihamia Kasenga, mtaa wa mjini, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, na wewe uliyepatanisha uwanda mzima ukawa unashinda ukisikiliza randa kwa sikio moja. Nilikusihi uende useme ukweli. Ulikataa. "Nikijitetea, mwami atalazimika kusema kwamba alikimbia," uliniambia. "Na kiti ya mutu aliyekimbia, nani ataiheshimu?" Siku ya mazishi yako hakuja mtu wa barazani hata mmoja.

Papa, nilikukasirikia kwa jibu hilo miaka mingi. Sikuwa nimelielewa mpaka wiki hii.

Wanawake wa hapa mtaani walikuja kwangu. Kuna wajawazito na wagonjwa wanaotaka kuvuka, na hakuna anayethubutu kwenda kuwasemea kwa askari wa mpakani. Walisema mimi najua kuzungumza. Nilikubali kabla hofu haijaniwahi. Jana mchana nilienda. Mkubwa wao alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu, na alicheza na simu yake muda wote niliokuwa nikisema. Mwishowe alisema watavuka, ila mimi nibaki pale kwake. Kukitokea fujo yoyote, nitajibu mimi.

Nilikaa kwenye benchi la forodha nikiwaangalia wanapita, mmoja baada ya mwingine, wengine wakisukumwa kwenye baiskeli. Kila aliyejikwaa nilihisi ni mimi ninayeanguka. Yule kijana aliniuliza mimi ni mtu wa nani. Tangu walipokuondoa barazani tulikuwa tumezoea kusema tu kwamba sisi ni watu wa Kasenga. Nikataja jina lako lote, Papa, na la baba yako, na nikasema ulikuwa Kinywa cha Mwami. Hakukujua. Aliinua mabega. Lakini wanawake waliokuwa kwenye mstari walisikia, nami nilijisikia nikilisema.

Aliniachia jioni, na hapo nikalielewa jibu lako: hukumlinda mwami, ulilinda sauti inayowasemea watu. Leo wanawake wamekuja tena kuniambia wapo wengine, na kesho niende. Sikukataa.

Wewe pumzika, Papa. Ulikwisha kuogopa vya kutosha. Sasa niachie mimi zamu hii.

Ni mimi, binti yako, yule uliyemwita mama.