Neno Husemwa Darajani

Mukami wangu,

Huku Karurumo mvua imetukumbuka, na miti ya makadamia aliyopanda babu yako imezaa hadi matawi yanagusa chini. Shangazi yako Wanja anakusalimu. Goti limemwachilia kidogo.

Umeniuliza huyo kijana unayemleta ajue nini kuhusu watu wetu. Mwambie anywe chai hata kama ameshiba, na asichoke tukiongea juu ya mvua na ng'ombe mchana kutwa. Hapa kwetu neno lenyewe halisemwi ndani ya nyumba. Linasemwa njiani, mgeni akisindikizwa.

Nilipoolewa hapa kutoka Kinoru, mama yangu alikuja kuniona. Alikaa siku nzima akisifu maharagwe ya mama mkwe, nikadhani hata hajaniona. Jioni nikamsindikiza. Tulipofika kwa daraja akahamishia kiondo bega la pili, akauliza bila kuniangalia, "Wanakupenda?"

Nikasema, "Wananipenda, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda kile kilima peke yake. Hadi leo nikipita hapo nasimama kidogo.

Mwaka jana ulipoondoka, teksi ilikuja hadi mlangoni. Ukanikumbatia haraka, ukaenda. Sikulaumu, ndege haingoji mtu. Lakini mimi nilikuwa nimeshavaa viatu.

Safari hii, siku ya kuondoka, teksi iwangoje kule darajani.

Ni mimi nyanya yako, shosho.