Sauti Nene za Piano

Korogwe, 26 Desemba. Asubuhi mawingu, mvua imekatika.

Shikamoo mama. Piano ya meneja wa shamba ililetwa kanisani kwa toroli la mkonge, ikanyeshewa njiani. Jana mkweo Elizabeti, aliyejifunza mwaka mzima, alipoketi kuipiga mbele ya watu, sauti zote nene zilikuwa bubu. Akainuka, machozi yanamlenga. Wakata mkonge wa kwaya, wenzake kaka kazini, wakamwita, “Shemeji, kaa! Wewe piga nyembamba, nene tuachie sisi.” Wakaziimba kwa vifua vyao mpaka mabenchi yakatetemeka. Mama, sijapata kusikia muziki mzuri kama ule.

Mungu akutunze, wewe na wote wa Chanika. Nililala saa sita usiku; mkweo alikuwa bado anapiga meza kwa vidole kama piano.

Mwanao, Marta